Hati ya Deni Iliyopigiliwa Msalabani



Wapendwa wanandoa, kabla hamjaendelea na ukurasa huu, nawaombeni mwite yule mwenzenu aliye jikoni au nje kwenye zizi, mkae pamoja. Chukueni Biblia, msome kwa sauti Wakolosai 2:13-14, halafu Waefeso 5:25-33. Somo letu la leo linahusu kifo cha Bwana wetu Yesu Kristu msalabani.

Najua wengine mtasema, "Katekista, hayo tulifundishwa zamani tukijiandaa kwa ubatizo." Ni kweli. Msalaba uko ukutani katika nyumba zetu, na wengi tunao kwenye rozari mfukoni. Lakini swali langu ni hili: kifo kile cha Ijumaa Kuu kina kazi gani nyumbani mwenu siku ile ambayo hamsemezani?

Nitaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe. Mke wangu amenipa ruhusa kuliandika. Bila ruhusa yake nisingethubutu.

MTAMBA WA MAMA WATOTO

Sisi ni wakulima wa majani chai. Ninyi wenye chai mnajua jinsi mambo yalivyo: kila mwezi unapokea malipo kidogo, na karibu na mwezi wa Oktoba inakuja bonasi. Bonasi ndiyo hujenga nyumba, hununua mabati na kulipa karo. Ile ya mwaka 2017 tulikuwa tumeipangia kazi kabla haijafika, kwa maana binti yetu wa kwanza alikuwa aingie kidato cha kwanza Januari 2018.

Kumbe mimi nilikuwa na siri. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemdhamini rafiki yangu mkopo katika chama cha akiba na mikopo. Sikumwambia mke wangu. Niliona hayo ni mambo ya wanaume. Yule rafiki akaacha kulipa, kisha akahama. Bonasi yetu ilipofika ilikuwa shilingi 71,000, nikakatwa 45,000 kwa mara moja. Nilirudi nyumbani na shilingi 26,000, nikamwambia mama watoto kwamba mwaka huo chai haikufanya vizuri.

Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mtoto hatakaa nyumbani. Nitauza mtamba wangu."

Mtamba yule alikuwa wake kweli. Alimnunua akiwa ndama kwa pesa za chama chao cha akina mama, akamlisha kwa nyasi alizobeba mgongoni mwake mwenyewe. Ilikuwa imebaki miezi miwili tu azae. Tulimuuza kwa bei ya shida, shilingi 42,000. Siku mnunuzi alipokuja kumchukua, mke wangu hakutoka nje. Mimi ndiye niliyefungua kamba. Neno lilinifika kooni, nikalimeza.

Mwanzoni mwa Februari alipata ukweli kwenye kituo cha kuuzia majani. Wenzake walikuwa wakingoja mizani na kuzungumza habari za bonasi. Wenye shamba kama letu walikuwa wamepata vizuri. Kisha mmoja wao, kwa huruma kabisa, akampa pole kwa ajili ya ile dhamana ya mzee wake.

Alirudi nyumbani, akapika, akanipakulia chakula, na hakusema neno. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilielewa kwamba amejua. Jumatano ya Majivu tulipiga foleni kanisani, mmoja nyuma ya mwingine, tukapakwa majivu. Tulirudi nyumbani njia moja bila kusemezana.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza Njia ya Msalaba kila Ijumaa pale kigangoni. Ijumaa ya tatu tulipofika kituo cha kumi na mbili, pale Yesu anapokufa msalabani na watu wote wanapiga magoti, nilishindwa kusoma. Nilimpa kijana mmoja kitabu, nikasema macho yananiuma. Macho yalikuwa mazima.

Nitarudi kwenye habari hii. Kwanza tutazame msalaba wenyewe.

MSALABA ULIKUWA NINI?

Tumeuzoea msalaba hata hautushtui tena. Watu wa wakati wa Yesu waliuogopa. Ilikuwa adhabu ya Warumi kwa watumwa na waasi. Mtu alivuliwa nguo, akatundikwa mahali pa wazi karibu na njia, ili kila mpita njia amwone na aingiwe na hofu. Kwa Wayahudi ilikuwa vibaya zaidi, kwa sababu Torati ilimhesabu aliyetundikwa juu ya mti kuwa ni mtu aliyelaaniwa (Kumb 21:23). Kufa hivyo kulikuwa ni kupoteza uhai na jina pia.

Aliyetoa hukumu alikuwa Pontio Pilato, mtawala wa Kirumi aliyekuwa Yudea kati ya mwaka 26 na mwaka 36. Mtakatifu Yohane anatueleza kwamba Pilato aliandika shtaka la Yesu kwa lugha tatu, yaani Kiebrania, Kilatini na Kigiriki, likawekwa juu ya msalaba (Yn 19:19-20). Kila aliyepita Golgota aliweza kulisoma.

Sasa fungueni tena ule Waraka kwa Wakolosai. Mtakatifu Paulo anataja karatasi nyingine iliyopigiliwa pale. Anaiita hati ya deni. Katika siku zile, mtu aliyekopa aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anadaiwa kiasi fulani na kwamba atalipa. Maandishi hayo yalikaa kwa mwenye kukopesha. Ni kama leo unapotia sahihi fomu ya mkopo, au jina lako linapoandikwa kwenye daftari la duka la jirani. Hati ikiwapo, huwezi kukana. Mkono ni wako.

Paulo anasema Mungu aliichukua hati yetu, akaifuta na kuipigilia msalabani. Macho ya askari yaliona shtaka la mtu mmoja, Yesu wa Nazareti. Macho ya imani yanaona pale pia shtaka langu na lako: uongo wangu juu ya bonasi, hasira yako, uzinzi wa huyu, ulevi wa yule. Hati zote zimetobolewa na misumari ileile iliyotoboa mikono yake.

DENI HALIPOTEI HEWANI

Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Nami nakubali. Lakini je, mdaiwa akiwa hana kitu?

Fikirini mama mwenye duka. Mteja amechukua unga, sukari na mafuta ya shilingi 3,000, na sasa mteja huyo amefilisika. Mwenye duka ana njia mbili. Anaweza kumshtaki na kumnyang'anya godoro. Au anaweza kuchukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina lile. Akipiga mstari, je, zile shilingi 3,000 zimepotea hewani? La. Unga ulikwisha kuliwa. Zimetoka katika mfuko wake mwenyewe. Yeye aliyesamehe ndiye aliyelipa.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Kila msamaha wa kweli una gharama, na anayeilipa ni yule aliyekosewa. Kwa hiyo kusamehe ni kazi ngumu. Tukimwambia mtu aliyeumizwa, "Samehe tu, ni jambo dogo," tunamtukana. Kwake si dogo. Yeye ndiye atakayebeba hasara.

Mungu naye hakutusamehe kwa maneno tu kutoka mbinguni. Sisi binadamu tulikuwa wafilisika mbele yake. Hatukuwa na kitu cha kumrudishia heshima tuliyomnyima na upendo tulioukanyaga. Yeye aliyekosewa akaja mwenyewe katika Mwanae, akasimama mahali petu, akaibeba hasara yote mwilini mwake.

Ndugu zangu, hapa tuwe waangalifu. Wako Wakristu wanaofikiri Mungu Baba ni mdai mkali aliyetaka damu ya mtu ndipo atulie. Sivyo Kanisa linavyofundisha. Baba hakulazimishwa na Mwana kutupenda. Upendo wa Baba ndio uliomtuma Mwana (Yn 3:16). Naye Mwana hakuburutwa msalabani bila hiari yake. Alisema wazi kwamba anautoa uhai wake mwenyewe, wala hakuna anayemnyang'anya (Yn 10:18). Baba na Mwana walikuwa na nia moja, katika upendo wa Roho Mtakatifu.

Na tukumbuke alifanya hivyo wakati gani. Mtakatifu Paulo anasisitiza kwamba Kristu alikufa kwa ajili yetu tukingali wenye dhambi (Rum 5:8). Hakungoja tutubu kwanza ndipo atupende. Aliwaombea msamaha hata wale waliokuwa wakimsulubisha (Lk 23:34).

KWA NINI JAMBO HILI NI LA WANANDOA HASA?

Mnaweza kuuliza, "Hayo ni ya Wakristu wote, mbona unayaleta kwenye ukurasa wa ndoa?"

Nayaleta kwa sababu Kanisa lenyewe limeyaweka hapo. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulifundisha kwamba neema ya sakramenti ya ndoa Kristu alituchumia kwa mateso yake. Maana yake, siku ile mlipopeana pete mbele ya padre, mlipewa kitu kilichonunuliwa Golgota. Naye Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981 juu ya familia, alifundisha kwamba mume na mke ni ukumbusho wa kudumu kwa Kanisa wa yale yaliyotendeka msalabani.

Hebu mtafakari hilo. Mtoto wenu akitaka kujua msalaba maana yake nini, kabla ya kutazama ukutani atawatazama ninyi. Atawatazama hasa siku mmoja wenu amekosa. Ataona mwenye kukosewa anafanya nini.

Mababa wa Kanisa, kama Mtakatifu Agustino na Mtakatifu Yohane Krisostomo, walipotafakari ule ubavu wa Yesu uliochomwa kwa mkuki ukatoka damu na maji (Yn 19:34), walikumbuka jinsi Hawa alivyotwaliwa ubavuni mwa Adamu aliyelala. Wakasema, ndivyo Kanisa, Bibi-arusi wa Kristu, lilivyozaliwa kutoka ubavuni mwake alipolala usingizi wa mauti. Hivyo msalaba wenyewe ni habari ya arusi. Bwana-arusi ametoa mahari, na mahari ni yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, akina baba, tuusome vizuri ule Waraka kwa Waefeso. Tunapenda sana mstari unaosema mume ni kichwa cha mke. Wengine tunautaja kwa sauti kubwa hata tukiwa tumelewa. Lakini Paulo anaendelea kutueleza ukichwa huo ukoje: ni kama wa Kristu, aliyejitoa kwa ajili ya Kanisa. Ukiwa kichwa, basi taji la miiba linaanza na wewe. Wewe ndiwe wa kwanza kubeba hasara, wa kwanza kuomba radhi, wa kwanza kunyima tumbo lako ili wengine wale.

DAFTARI LA NYUMBANI

Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Hakuna ndoa isiyo na makosa. Tofauti ni hii: katika nyumba nyingine makosa hufutwa, na katika nyumba nyingine huandikwa daftarini.

Utajuaje kwamba unaweka daftari? Jipime mwenyewe. Mkigombana juu ya chumvi, unakumbuka jambo la mwaka wa kwanza wa ndoa, na tarehe yake unaijua. Maneno yako huanza na "wewe kila siku" au "hata mama yako alisema". Mwenzako akifanya jema unajiambia kwamba bado hajalipa. Unawaeleza watoto makosa ya baba yao au mama yao ili wawe upande wako. Unamnyima mwenzako unyumba, au tabasamu tu, ili aone uchungu ulioonja wewe.

Mwenye daftari hujiona ana haki. Huenda kweli anadai. Lakini usiku, anapojumlisha hesabu yake kitandani, mwenzake amelala umbali wa shubiri moja na ni kama yuko ng'ambo ya bahari. Na asubuhi wote wawili wanakwenda Misa Takatifu, wanapokea Mwili uleule wa Kristu uliotolewa ili hati ifutwe, kisha wanarudi nyumbani kufungua daftari ukurasa wa pili.

JINSI HATI YETU ILIVYOFUTWA

Wiki ya tano ya Kwaresima nilikwenda kuungama. Nilipomaliza, padre aliniuliza kama mke wangu amesikia maneno hayo kutoka kinywani mwangu. Nikasema anajua tayari. Akaniambia kwamba kujua kwake kutoka kwa majirani si sawa na kusikia kutoka kwangu, na kwamba nisiifanye kitubio kuwa mlango wa nyuma wa kumkwepa.

Jioni ile, watoto walipolala, nilimweleza yote, tangu siku ya kutia sahihi fomu ya udhamini. Nilisema, "Nilikudanganya. Nilikuacha uuze mtamba wako nami nikijua. Nakuomba msamaha." Nilitamani sana kuongeza kwamba hata rafiki yangu alinidanganya. Nilijizuia.

Alilia kwa muda mrefu. Halafu akaniambia hivi: "Baba watoto, mtamba amekwenda. Nikikudai, utanilipa na nini? Pesa zako ni zangu, hata nikikutoza najitoza mwenyewe. Hasara hii nimeibeba tayari. Sitakudai tena. Lakini kutoka leo kila karatasi ya pesa inawekwa hapa mezani, na mahali unapotia sahihi, nami niwepo."

Ndugu msomaji, nimefundisha katekisimu miaka mingi, lakini siku ile ndipo nilipofundishwa Wakolosai 2:14. Mtu aliyekuwa amelipa kosa langu alikuwa ameketi mbele yangu, na bado ananiita baba watoto.

Ijumaa iliyofuata nilisoma kituo cha kumi na mbili mwenyewe.

Sitaki kuwadanganya. Mtamba yule amerudi katika maneno yetu mara mbili tangu siku hiyo. Mara ya pili mke wangu alikatiza sentensi katikati, akaenda kuchota maji, akarudi akaniomba radhi. Kusamehe ni uamuzi wa siku moja na pia ni kazi ya siku nyingi.

MSALABA SI KIPIGO

Hapa lazima niseme jambo moja bila kuficha, kwa sababu fundisho la msalaba limetumiwa vibaya katika nyumba nyingi.

Utasikia mama aliyevimba jicho akisema, "Huyu mume ni msalaba wangu, nitambeba." Na pengine wazee, au hata sisi makatekista, tunamwambia, "Vumilia, Yesu naye aliteseka." Jamani, tuogope kumtumia Yesu hivyo. Bwana wetu alijitoa mwenyewe. Hakuna mahali katika Injili anapompa mtu ruhusa ya kumsulubisha mwenzake. Anayempiga mkewe, au anayemtesa mumewe, hayuko upande wa Kristu katika picha ile. Yuko upande wa wenye nyundo.

Kusamehe kunakuondolea kisasi moyoni. Hakukulazimishi kubaki mahali ambapo uhai wako au wa watoto wako uko hatarini. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inamruhusu aliye katika hatari kubwa ya roho au ya mwili kujitenga na mwenzake, na kama hatari ni ya haraka anaweza kuondoka hata kabla ya kupata kibali cha Askofu. Nayo serikali yetu ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma za kinyumbani. Basi ukiwa katika hali hiyo, mwambie paroko, mwambie mtu unayemwamini katika jumuiya yako ndogo ndogo, nenda polisi. Huo si ukosefu wa imani.

Na tazameni tena maneno ya mke wangu. Alisamehe, na papo hapo akaweka karatasi mezani. Msalaba ulifuta dhambi, lakini kwanza uliionyesha hadharani jinsi ilivyo mbaya. Msamaha unaoficha kosa chini ya mkeka hautadumu.

MAKOVU YA BWANA

Wengi huniuliza, "Katekista, mimi nimesamehe lakini nakumbuka. Je, nimesamehe kweli?"

Msomeni Yohane 20:19-27. Jioni ya Pasaka Yesu mfufuka anaingia walipo wanafunzi, watu waliomkimbia siku tatu tu zilizopita. Mikono yake bado ina alama za misumari, ubavu bado una alama ya mkuki. Mwili uliotukuka umebaki na makovu. Lakini neno la kwanza kutoka kinywani mwake ni amani. Makovu yale anayaonyesha ili wamtambue na wafurahi, wala hamwulizi yeyote alikuwa wapi siku ya Ijumaa.

Basi kukumbuka si dhambi. Jeraha lililopona huacha alama. Jiulize tu: kumbukumbu hiyo naitumia kumpiga nayo mwenzangu, au namwonyesha kwamba tulipita hapo na Mungu akatuvusha? Na msisahau kwamba baada ya Ijumaa Kuu ilikuja Pasaka. Sisi hatuabudu maiti. Yule aliyebeba hasara yetu yu hai, na nguvu ya kusamehe tunaipokea kutoka kwake. Ukijaribu kwa nguvu zako peke yako utachoka kabla ya Jumapili.

MFANYE NINI WIKI HII?

1. Aliyekosa aseme kosa lake kwa jina lake. "Nilikudanganya" ni neno la kweli. "Kulitokea kutoelewana" ni kujificha.

2. Aombe msamaha bila kuongeza "lakini". Neno hilo moja hurudisha deni lote.

3. Arudishe kinachoweza kurudishwa. Zakayo alipokutana na Yesu aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu (Lk 19:8). Mimi ilinichukua miaka miwili na nusu kununua ndama mwingine, na jina lililoandikwa ni la mama watoto.

4. Aliyekosewa apewe muda. Usimwombe msamaha saa tatu usiku na kumdai tabasamu saa nne. Kumbuka yeye ndiye anayelipa.

5. Kosa likishasamehewa, kubalianeni kwamba haliletwi tena katika ugomvi mwingine. Likiponyoka mdomoni, aliyelisema aombe radhi siku ileile.

6. Mpeleke yote Misani. Padre anapoinua Mwili na Damu ya Kristu, sadaka ni ileile ya msalabani. Mahali hapo weka jina la mwenzako na lile kosa linalokuuma.

MASWALI YA KUJADILIANA

Zimeni redio, watoto wakishalala, mjibu kwa zamu. Mmoja akisema, mwingine asikatize.

1. Ni kosa gani langu ambalo unahisi sijawahi kulisema kwa jina lake?

2. Kuna jambo lolote ninaloendelea kukudai ingawa nilisema nimekusamehe?

3. Watoto wetu wakitutazama tunapokosana, wanajifunza nini juu ya msalaba wa Yesu?

TUSALI PAMOJA

Shikaneni mikono, mtazame msalaba wa nyumbani mwenu.

Ee Bwana Yesu, uliichukua hati yetu ukaipigilia pamoja nawe. Sisi wawili tunadaiana mambo makubwa na madogo. Mmoja wetu amechoka kudai, mwingine anaona aibu kuomba. Tupe neema uliyotuchumia kwa mateso yako. Mfundishe aliyekosa kusema kweli, na umtie nguvu aliyekosewa, kwa maana mzigo wake ni mzito na wewe unaujua uzito huo. Watoto wetu wakitutazama, wakuone wewe. Ee Mama Maria, uliyesimama chini ya msalaba, utuombee. Amina.

Mungu awabariki katika nyumba zenu. Tuonane tena katika toleo lijalo.